Nikiacha vidonge naanguka, nikiendelea mifupa inabonyea

Bi Nesi, assalaam aleikum.

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa miaka 54, nakaa Majengo hapa Mombasa, na tangu marehemu mume wangu alipotangulia nauza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu. Mtaani wananiita Mama Mahamri, nawe niite hivyo hivyo.

Miaka 4 iliyopita vidole vilianza kuvimba. Nikiamka siwezi kufumba ngumi, nikikanda unga machozi yananitoka. Nikenda zahanati, nikaambiwa ni baridi yabisi, nikaandikiwa prednisoloni za miligramu 5, vidonge 6 kwa siku, vipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki chache, kisha nirudi nionwe. Wallahi, Bi Nesi, siku ya tatu niliamka nikafumba ngumi zote mbili. Siku hiyo nilikanda kilo 3 za unga peke yangu huku naimba. Vidonge vilipokwisha maumivu yakarudi, lakini mimi sikurudi zahanati. Nilikwenda duka la dawa nikaonyesha bahasha ya kaki. Kijana akanihesabia vidonge 20, akaandika juu 1×2. Tangu hapo ndivyo ninavyonunua, kimoja asubuhi na kimoja usiku, miaka 4 sasa. Hakuna aliyeniuliza swali.

Uso wangu umekuwa mviringo kama chapati. Ngozi ya mikono imekuwa nyembamba, nikigongwa kidogo tu inavilia damu. Mapaja hayana nguvu, nikikaa kwenye kigoda sharti nishike ukuta ndipo niinuke.

Baada ya Maulidi nikanyanyua ndoo ya maji, nikasikia kitu kimelia mgongoni kama kijiti kinachovunjwa. Nikapigwa picha, ikaonekana pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Daktari akaniuliza nameza dawa gani. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema vidonge hivyo ndivyo vilivyodhoofisha mifupa yangu. Sikungoja maelezo mengine. Nilifika nyumbani nikatupa bahasha jaani. Siku ya nne nilikuwa natapika, macho yanaingia kiza nikisimama, nikaanguka jikoni hatua moja tu kutoka kwenye karai la mafuta ya moto. Mwanangu akanikimbiza hospitali kwa tuktuk. Waliniambia presha ilikuwa imeshuka vibaya, wakanitia maji ya mshipani na sindano, na baada ya saa chache nikaanza kuulizia watu wangu.

Nilipotoka niliambiwa nirudie vidonge 2, halafu nipunguze nusu kidonge kila mwezi. Nikaandikiwa pia dawa ya mifupa ya mara moja kwa wiki, na kalsiamu. Sasa nina wiki mbili kwenye kidonge kimoja na nusu, na mwili wote unauma kama nimepigwa. Sijui ni ugonjwa umerudi au ni nini. Dadangu wa Likoni anasema nimekuwa teja, na kwamba kupunguza kwa miezi ni ujanja wa kunifanya niendelee kununua. Jirani ameniletea unga wa miti shamba, anasema mtu aliutumia siku mbili tu akapona yabisi. Dawa ya mifupa sijainunua, binamu yangu ilimuunguza koo. Na Ramadhani haiko mbali, nami sijawahi kula mchana wa Ramadhani tangu nibaleghe, ila kwa udhuru wa kike.

Nisaidie, dadangu. Na nambie pia kama itabidi niache kukanda unga, maana hiyo ndiyo riziki yangu.

Mama Mahamri, Majengo

Bi Nesi anajibu

Waalaikumu salaam, dadangu.

Nianze na lile neno la uteja, maana nahisi limekuchoma kuliko hata mgongo. Mwambie dada wa Likoni, kwa heshima yake, kwamba hukuanguka kwa uteja. Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayotengeneza homoni iitwayo kortizoli. Hiyo ndiyo inayoishikilia presha isiporomoke unapoinuka, inayoiweka sukari ya damu sawa ukiwa na njaa, inayokupa nguvu ya kuhimili homa au jeraha. Kiasi ambacho mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku, ukikipima kwa prednisoloni, ni kama miligramu 5 hivi. Wewe ulikuwa unameza 10. Ubongo uliona mwili umeshiba kortizoli, ukaacha kuziamrisha tezi zifanye kazi, nazo zikalala. Zimelala miaka 4. Wewe ni mtu wa jiko, unajua kwamba makaa yaliyomwagiwa maji hayashiki kwa njiti moja ya kibiriti. Siku uliyotupa ile bahasha ulibaki huna kortizoli ya dukani wala ya mwili wako mwenyewe.

Kutapika, kiza machoni ukisimama, presha kushuka: hali hiyo huua, dadangu, na huua haraka. Sindano inayotolewa hapo kwa kawaida ni haidrokotisoni, ambayo ni kortizoli yenyewe. Ndiyo sababu baada ya saa chache ulikuwa unaulizia watu wako. Huyo mwanao mshukuru kwa niaba yangu.

Kwa hiyo usiache tena kwa ghafla, hata siku moja. Vidonge vikibaki vya wiki moja, nunua vyengine siku hiyo hiyo. Ukisafiri, viweke kwenye mkoba unaoshika mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini ya basi.

Mpango aliokupa daktari, wa nusu kidonge kwa mwezi, ni mpango mzuri. Mtu anayeanzia miligramu 30 au 40 anaweza kushuka haraka mwanzoni. Anapokaribia miligramu 7.5 na 5 mwendo hupungua, kwa sababu kuanzia hapo kila miligramu unayoitoa lazima tezi zako ziijaze zenyewe. Usishangae basi ukifika kwenye kidonge kimoja na daktari akasema sasa tushuke miligramu 1 kwa mwezi. Uliza mapema kama utapatiwa vidonge vya miligramu 1. Visipopatikana, anaweza kukupangia siku moja 5 na siku ya pili 2.5. Usikate vile vidonge vilivyopakwa ganda gumu la kulinda tumbo, havikuundwa kwa kukatwa.

Kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo pengine hakuna aliyelitazama: kile kidonge cha usiku. Kortizoli ya kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku, ndiyo maana mtu huamka na kulala. Ukimeza prednisoloni usiku unazifunga tezi kabisa saa zile zile ambazo zingejaribu kuamka, na usingizi pia unaruka. Mwulize daktari kama dozi yote inaweza kuwa ya asubuhi, baada ya kula.

Utakapofika miligramu 5, omba upimwe kortizoli ya asubuhi. Damu hutolewa kama saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla hujameza kidonge cha siku hiyo, saa 24 tangu ulichomeza jana. Mwongozo wa pamoja wa madaktari wa homoni wa Ulaya na Marekani, wa mwaka 2024, unasema ikizidi nanomoli 300 kwa lita tezi zimeamka. Ikiwa chini ya 150 bado zimelala, nawe unabaki pale ulipo na kupimwa tena baada ya miezi. Katikati hapo ni kuendelea kungoja. Wengine huchukua miezi michache, wengine mwaka na zaidi, na wako wachache ambao tezi hazirudi. Nakueleza haya sasa ili usije ukajiona umeshindwa.

Wakati wote huo, na hata miezi baada ya kumaliza, ukipata malaria, homa kali, ukiumia au ukitakiwa kupasuliwa, mwili unahitaji kortizoli zaidi na tezi zako haziwezi kuitoa. Dozi huongezwa kwa siku hizo. Mwombe daktari akuandikie kwa mkono wake: ukiwa na homa umeze ngapi, kwa siku ngapi. Ukitapika na vidonge havikai tumboni, usingoje kupambazuke, nenda ukadungwe sindano. Chukua karatasi, uandike "Natumia prednisoloni tangu miaka 4, nikizidiwa nipewe haidrokotisoni", uitie kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Mwanao aijue ilipo.

Sasa haya maumivu ya mwili mzima. Kesho ukiamka vitazame vidole vyako. Vikiwa vimevimba, vya moto, vimekaza kwa saa nzima au zaidi ndipo vilegee, yabisi imerudi. Ikiwa viungo havijavimba lakini misuli yote inauma, umechoka na huna raha, hiyo huwa ni mwili unaozoea dozi ndogo, na mara nyingi hutulia baada ya wiki kadhaa ukibaki pale pale bila kushuka zaidi. Ikiwa ni kichefuchefu, kizunguzungu ukisimama, kukosa hamu ya chakula na kupungua uzito, tezi zinaomba msaada, rudi hospitali haraka. Kwa maelezo yako nadhani ni hayo ya pili, lakini mimi sijavishika vidole vyako. Mwenye kuvishika ndiye atakayejua. Na maumivu usiyazibe kwa diklofenaki wala brufeni. Zikikutana na prednisoloni tumboni huleta vidonda na kutoa damu, na ukiona choo cheusi kama lami ujue damu inatoka. Uliza kuhusu parasetamoli.

Hapa nakuomba radhi, maana nitasema kwa ukali. Umeugua baridi yabisi miaka 4, na kwa barua yako hakuna hata siku moja uliyotibiwa yabisi yenyewe. Prednisoloni huzima moto, haizuii usiwake tena. Hili linajulikana tangu mwanzo. Mwaka 1948 huko Marekani wagonjwa wa ugonjwa huu huu wako, waliokuwa hawawezi kuinuka, walichomwa sindano za kortisoni, homoni ya jamii moja na kortizoli, na baada ya siku chache wakasimama na kutembea. Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakatunukiwa Nobel mwaka 1950. Furaha ile ilikuwa sawa na yako ya kilo 3 za unga. Lakini madaktari hao hao waliona kwamba dawa ikiondolewa ugonjwa unarudi, na ikiendelezwa inadai malipo yake mwilini. Ndiyo sababu leo prednisoloni hutakiwa iwe ya kuvukia tu, ya wiki au miezi michache, huku mgonjwa akianzishiwa dawa za kuutuliza ugonjwa wenyewe, mathalani metotrekseti, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, pamoja na asidi ya foliki. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi na zina vipimo vyake vya damu. Ukienda kliniki, swali lako la kwanza liwe hili: "Daktari, ni dawa gani itakayoishika yabisi yangu ninapoishusha prednisoloni?" Bila jibu la swali hilo kushuka kutakuwa vita kila mwezi.

Yule kijana wa duka la dawa alikosea kukuuzia miaka 4 bila karatasi ya daktari. Wewe hukukosea kutaka mikono yako ifanye kazi.

Ule unga wa jirani usiuonje. Yabisi haiponi kwa siku mbili. Kitu kinachoituliza kwa siku mbili kwa kawaida ni steroidi, yaani dawa za jamii ya hii hii prednisoloni, na wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamewahi kukuta deksamethasoni au prednisoloni imesagwa ndani ya dawa zinazouzwa kuwa za asili. Huenda ukawa unashuka ngazi kwa mguu mmoja na kupanda kwa mwengine, bila kujua umemeza miligramu ngapi.

Nije kwenye mifupa, na niruhusu nikueleze habari ya mamangu. Alikuwa na pumu, akimeza prednisoloni mwaka baada ya mwaka. Alikuwa mrefu kuliko sisi binti zake wote. Siku moja akalalamika kwamba buibui lake linaburura chini na kumkwaza. Tukampelekea fundi alipunguze upindo. Mwaka uliofuata likaburura tena, tukalirudisha kwa fundi. Mara mbili, dadangu, nami nikiwa tayari nesi, na sikufikiria kwamba buibui halirefuki. Alikuwa anafupika yeye. Pingili zake zilikuwa zinabonyea moja baada ya nyengine, zengine bila hata maumivu makali. Simama ukutani leo, mwanao akuwekee alama ya penseli usawa wa kichwa, na aitazame tena kila baada ya miezi mitatu.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu kuukuu na seli zinazojenga mpya. Steroidi huwaua wajenzi na kuwaacha wabomoaji. Pia hupunguza kalsiamu inayonyonywa tumboni na kuongeza inayopotea kwa mkojo. Upotevu mkubwa kabisa hutokea katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kabla mtu hajawa na hofu yoyote. Kwako umeongezeka umri wa kukatikiwa na hedhi, ambao peke yake hupunguza mifupa. Habari njema ni kwamba dozi inaposhuka hatari ya kuvunjika nayo huanza kushuka. Lakini mifupa haitakungoja umalize vidonge. Inalindwa sasa, wakati bado unameza.

Huenda mtu akakwambia subiri kwanza kipimo cha uzito wa mifupa. Kipimo hicho ni kizuri, hutoa namba, na ikiwa hasi 2.5 au chini zaidi basi mifupa imeshakuwa dhaifu rasmi. Ukikipata, kifanye. Ila wewe pingili imeshabonyea kwa kunyanyua ndoo tu. Kwa mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2022, hilo peke yake linakuweka kwenye kundi la hatari kubwa sana linalohitaji dawa, kwa namba au bila namba.

Dawa ya mara moja kwa wiki uliyoandikiwa nadhani ni alendroneti ya miligramu 70. Binamu yako hasemi uongo, kweli huunguza koo, ikiwa imekwama njiani. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa wala juisi. Kisha unakaa wima au unasimama nusu saa nzima bila kula, bila kunywa kitu kingine, bila kujilaza. Wanaoimeza kwa mafunda mawili na kurudi kitandani ndio inaowachoma. Wewe saa kumi alfajiri uko macho unaandaa unga. Chagua siku moja, tuseme Ijumaa. Ukiamka tu, kabla ya yote, meza kidonge na bilauri yako ya maji, kisha endelea na kazi ukiwa umesimama. Hadi uitwe kwa Alfajiri nusu saa imeshapita, utaswali na kunywa chai yako. Kalsiamu usiimeze asubuhi hiyo pamoja nayo, ingoje chakula cha mchana. Kabla ya kuanza, figo zako zipimwe na meno yakaguliwe, na kama una jino la kung'olewa ling'olewe kwanza. Kama una shida ya kumeza au kiungulia kikali, mwambie daktari, kwani iko dawa nyengine, zoledroneti, inayotiwa mshipani mara moja kwa mwaka na haipiti kooni.

Kalsiamu unayohitaji kwa siku ni miligramu 1,000 hadi 1,200, chakula na vidonge pamoja. Kikombe kikubwa cha maziwa au mtindi hukupa kama 300. Dagaa wanaoliwa na miba yao ni wazuri, ufuta pia, na sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, maana mchicha una asidi inayoishika kalsiamu isiingie mwilini. Punguza chumvi, hutoa kalsiamu kwa mkojo. Vitamini D ni yuniti 600 hadi 800 kwa siku. Najua utasema Mombasa jua halina uhaba. Jua tunalo, lakini sisi tunatoka mlangoni tumejifunika hadi kwenye vifundo. Kaa uani, panapokusitiri, mikono na miguu wazi, robo saa hadi nusu saa, na vidonge uvimeze vilevile.

Udhaifu wa mapaja ni steroidi pia, na ndio unaoangusha watu. Mara kadhaa kwa siku, keti kwenye kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani, inuka bila kushika kwa mikono, ukae tena. Anza na mara 5. Jioni tembea, Mama Ngina pale upepo wa bahari ni mzuri na njia ni sawa, usipite kwenye vichochoro vya mawe usiku. Mkeka unaojikunja pembeni uondoe. Champali zilizolika tupa. Choo kikilowa kikaushwe, na taa ya ngazini iwake. Ukipata maumivu mapya ya nyonga au kinena usiyafiche, steroidi wakati mwengine huua mfupa wa nyonga. Na kwa kuwa umezimeza miaka 4, pima presha, sukari na macho. Kikohozi kikizidi wiki mbili kapimwe kifua kikuu.

Kuhusu saumu, nitakujibu kama dada. Mtu ambaye juzi alianguka kwa kukosa kortizoli, ambaye tezi zake zimelala, na mchana wa Mombasa unamtoa jasho mbele ya karai, simshauri afunge mwaka huu. Mgonjwa amesamehewa, atalipa siku nyengine akipona, na asiyetarajiwa kupona ana fidia. Zungumza na daktari kisha na sheikh unayemwamini, kwa utaratibu huo. Ikiwa daktari atakuruhusu, basi dozi yote ni ya daku, na ukianza kutapika au kuona kiza unafungua pale pale.

Mwisho unga. Usiache kukanda. Mikono inahitaji kazi na wewe unahitaji riziki. Kitakachobadilika ni mkao. Kigodani unakunja mgongo mbele na kuusukuma uzito wako wote juu ya pingili iliyobonyea. Pandisha beseni mezani, meza ifike usawa wa kiuno, simama miguu imeachana, kanda kwa mabega, mgongo umenyooka. Kilo 3 zigawe mara mbili. Mbuzi ya kukunia nazi iache kabisa kwa sasa, ile ndiyo inayokunja mgongo kuliko yote. Sokoni wako wanaokuna kwa mashine, au mwanao akune. Ndoo za maji ni zake yeye tangu leo, na wewe ukilazimika, chota nusu, uishike karibu na tumbo, upige magoti badala ya kuinama. Karai la mafuta lihamishwe kutoka sakafuni liwe juu ya jiko la kusimamia, na pembeni yake pawe na kiti, ili siku ukisikia kizunguzungu ukae kabla hujaanguka.

Ukitoka kliniki niandikie walichokujibu kuhusu dawa ya yabisi, na ile alama ya penseli imesimama wapi.